Miguu Katika Baridi: Siku Arobaini za Baiskeli Mjini Utrecht



Wasomaji wetu watukufu, mama zetu na dada zetu, na nyote mnaolipokea jarida hili kila wiki na kulisoma pamoja na watoto baada ya chakula cha usiku. Wiki kadhaa zimepita bila ya kuniona katika ukurasa huu. Nilikuwa safarini Uholanzi, katika mji wa Utrecht, nikimzuru binti yangu aliyeolewa huko. Wengi wameniuliza niliyoyaona, na wengi walitarajia niandike juu ya majumba, mifereji na minara. Hayo nitayataja kidogo. Ila safari hii ilinifunza zaidi kupitia kiungo ambacho aghalabu hatukifikirii mpaka kituume, nacho ni mguu. Wahenga walisema kutembea kwingi ni kuona mengi. Mimi huko sikutembea sana kwa miguu, nilipanda baiskeli, na niliyoyaona yalinijia kupitia nyayo.

Mji wa magurudumu

Utrecht ni mji mkongwe ulio katikati ya Uholanzi. Una mnara wa kanisa wenye urefu wa mita 112, na una mfereji wa kale upitao kati ya nyumba, ambao kingo zake zina vyumba chini ya barabara, usawa wa maji, vilivyokuwa maghala ya mizigo zama za majahazi yao. Nilipovitazama vyumba vile nilikumbuka maghala ya Mji wa Kale kule Bandari ya Kale, nikasema moyoni kwamba wafanyabiashara wa dunia ni ndugu.

Lakini mgeni haulizi juu ya mnara kwanza. Anauliza juu ya baiskeli. Uholanzi ina watu wapatao milioni 18, na baiskeli zao zinawazidi wenyewe kwa idadi. Chini ya kituo cha treni cha Utrecht pana maegesho ya ghorofa tatu yaliyokamilika mwaka 2019, na ndani yake huingia baiskeli 12,500. Mtu huingia humo akiwa juu ya baiskeli yake kama aingiaye barabarani. Niliwaona wazee wa miaka sabini, mawakili waliovaa tai, wajawazito, na akina mama waliopakia watoto wawili katika sanduku la mbao lililofungwa mbele ya usukani. Njia za baiskeli zimetengwa na njia za magari, nyingi zimetiwa lami nyekundu, na usiku wa jalidi magari ya baraza la mji hupita yakizimwagia chumvi ili watu wasiteleze asubuhi.

Nilifika mwanzo wa mwezi wa Januari. Kwa wakati huo jua huko huchomoza karibu na saa tatu kasorobo ya asubuhi na huchwa kabla ya saa kumi na moja ya jioni. Theluji niliiona siku mbili tu. Kilichobaki ni mvua nyembamba isiyokatika, upepo wa kutoka baharini, na baridi ya digrii mbili au tatu. Wenyeji waliniambia kwamba baridi kavu ya theluji ni rahisi kuliko hiyo. Baridi ya maji huingia kwa kila tundu, na tundu lake la kwanza ni kiatu.

Binti yangu anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kila siku hutoka saa moja u nusu, giza bado limetanda, amempakia mwanawe wa miaka mitatu katika lile sanduku, humpeleka mahali wanapolelewa watoto, kisha huendelea kazini. Mvua isinye, inye, hutoka. Siku ya kwanza nilisimama dirishani nikamtazama akitokomea katika mvua, buibui lake amelikunja vizuri chini ya koti refu, na nikakumbuka jambo ambalo nisingependa kulikumbuka. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja aliniomba baiskeli. Nilimkataza. Nilimwambia mtoto wa kike wa Mji wa Kale hapandi baiskeli, watu watasema. Hakuuliza tena.

Kosa langu

Mke wangu alikuwa amenifungia mzigo. Ndani yake mlikuwa na halua, kahawa, tende, na soksi dazeni moja za pamba, nzuri, nyeupe, alizozinunua mwenyewe Biashara Street akisema, "Mwanangu anapigwa na baridi, na wewe pia uvae." Nilizivaa kwa moyo mkunjufu. Sikujua kwamba pamba, ambayo kwetu ni rehema, huko ni adui wa mguu.

Ijumaa ya kwanza mkwe wangu alinitolea baiskeli ya zamani na kuniuliza kama naweza. Nilicheka. Katika ujana wangu nilikuwa nikienda kusomesha kwa baiskeli kutoka Kisauni, kupitia daraja la Nyali, hadi Mji wa Kale, huku kitabu nimekibana kwapani. Nikamwambia tangulia. Kutoka mtaa wao wa Overvecht tulivuka mto Vecht tukaelekea Lombok, mtaa wa upande wa pili wa kituo cha treni, wenye maduka ya Waturuki na Wamoroko na msikiti wa Ulu, wenye minara miwili, uliofunguliwa mwaka 2015. Ni mwendo wa dakika ishirini na kitu.

Nyumbani nilikuwa nimetia udhu na, kwa haraka, sikujifuta baina ya vidole. Nikavaa soksi za pamba juu ya nyayo zenye unyevu, kisha viatu vyangu vya ngozi vya kutumbukiza, vile nivaavyo siku za harusi. Tulipofika nusu ya njia mvua ikashuka. Maji hayakuingia kwa juu pekee. Gurudumu la mbele lilikuwa halina madigadi ya kutosha, likanirushia maji ya barabarani moja kwa moja kwenye vidole. Suruali ilipolowa, maji yakateremka nayo mpaka ndani ya kiatu. Vidole viliuma, vikauma sana, kisha vikanyamaza. Nami nikahesabu kunyamaza huko kuwa ni nafuu.

Hapa ni lazima niseme niliyokuwa sijamwambia binti yangu. Mimi nina ugonjwa wa sukari, huu ni mwaka wa tisa. Mama yake anajua. Watoto sikuwaambia, kwa kuwa baba hapendi kuonekana dhaifu mbele ya watoto wake. Tuliporudi, nyumba ilikuwa tupu. Chini ya dirisha la sebule kuna vyuma vipana ambamo hupita maji ya moto ya kupasha nyumba. Nilivua viatu, nikaketi, nikaegemeza nyayo zangu pale, nikachukua kitabu. Sikusikia moto. Sikusikia chochote. Nilikaa hivyo, nadhani, robo saa.

Kesho yake mjukuu wangu alikuwa akicheza sakafuni. Akanishika mguu, akasema, "Babu, kidole chako kina puto." Mama yake akaja kutazama. Lilikuwa lengelenge kubwa chini ya kidole gumba, na jingine kwenye unyayo, na mimi sikuwa na maumivu yoyote. Binti yangu anaijua kazi hii, kila siku huosha miguu ya wazee. Alinitazama usoni, akauliza taratibu, "Baba, una sukari?" Sikuweza kumwongopea. Alikaa chini palepale, mguu wangu mikononi mwake, akalia. Akasema, "Ungepoteza kidole nyumbani kwangu, nami ningemwambia nini mama?"

Wahenga wamesema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa kwa vyote viwili. Dole liliungua kwa sababu ulimi ulinyamaza.

Daktari alinigusa nyayo kwa uzi mwembamba wa nailoni, macho nimeyafumba, niseme kila ninapouhisi. Sehemu tatu aliponigusa sikuhisi kitu. Akaeleza kuwa sukari ikikaa mwilini kwa miaka hudhuru mishipa ya fahamu ya miguu, na mtu huyo anaweza kuungua, kukatwa au kubanwa na kiatu asijue, na kidonda chake hakiponi haraka. Baridi huongeza ganzi juu ya ganzi. Alinipiga marufuku baiskeli kwa muda wa siku kumi na kunifunga bandeji. Alhamdulillah, lilipona, lakini lilichukua wiki tatu.

Kwa nini miguu hutangulia kupoa

Siku hizo kumi nilikaa ndani na nikawa mwanafunzi. Nilimuuliza binti yangu, nikamuuliza mkwe wangu, na nikamuuliza jirani yao wa chini, bibi wa Kiholanzi aliyekwisha kupita miaka sabini, ambaye mpaka leo huenda sokoni kwa baiskeli. Yeye ndiye aliyeniambia, kupitia tafsiri ya binti yangu, msemo wao mashuhuri wa siku za mvua: "Wewe hukuumbwa kwa sukari." Maana yake, huwezi kuyeyuka, toka nje. Binti yangu alipofasiri tukatazamana, tukacheka mpaka bibi akataka kujua sababu. Tulipomweleza kuwa mimi hasa nina sukari, alicheka naye, kisha akaacha kucheka, akaniletea soksi.

Nilichofahamu ni hiki. Mwili ukipigwa na baridi hulinda kwanza moyo, mapafu na ini. Hubana mishipa midogo ya damu ya mikono na miguu, damu ikabaki kifuani. Mguu ndio ulio mbali zaidi na moyo. Aendaye kwa miguu hukunja vidole kila hatua, na damu husukumwa. Mpanda baiskeli hufanya kazi kwa mapaja na magoti huku vidole vimelala juu ya kanyagio la chuma, na chuma hufyonza joto. Zaidi ya hayo, anajitengenezea upepo mwenyewe. Baridi ya digrii 2 ikikutana na upepo wa kilomita 20 kwa saa, ngozi iliyo wazi huihisi kama digrii 3 chini ya sifuri. Na mguu ukilowa mambo huzidi, kwa kuwa maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia.

Na mtoto aliye katika sanduku ana shida kubwa kuliko mama yake. Mama anasukuma pedali na damu inachemka, mtoto ameketi kimya. Binti yangu ameniambia kuwa mama mgeni huona jasho lake mwenyewe akadhani mtoto naye ana joto. Yeye humvisha mwanawe viatu vya mpira vyenye manyoya ndani, humtia miguu yote miwili katika mfuko wa ngozi ya kondoo, na wafikapo humgusa vidole kabla ya kumbusu.

Walivyonifunza

Elimu yenyewe huanzia ndani kwenda nje.

La kwanza ni kukausha. Mguu ulioingia kwenye soksi na unyevu tayari umeshindwa kabla ya safari. Sisi tunaotia udhu mara tano kwa siku tunahitaji onyo hili kuliko wengine. Pafutwe baina ya vidole, kimoja kimoja, kwa taulo kavu.

La pili ni soksi. Pamba hunywa maji ikayashikilia, ikalala juu ya ngozi kama kitambaa cha kumpoza mgonjwa wa homa. Sufu ya kondoo nayo hunywa maji, hata kufikia takriban theluthi moja ya uzito wake, lakini hunyonya mvuke ndani ya nyuzi zake na huendelea kushika hewa, hivyo hupasha joto hata ikiwa na unyevu. Soksi moja nzuri ya sufu hupita soksi tatu za pamba.

La tatu ni nafasi. Mimi nilidhani ukiona baridi unaongeza soksi. Ukiongeza soksi katika kiatu kilekile unaibana mishipa ya damu na kuitoa hewa, na hewa hiyo ndiyo blanketi. Kiatu cha baridi hununuliwa kikubwa kidogo, vidole viweze kucheza ndani. Na soli ya ndani iwe ya sufu iliyoshindiliwa au ya manyoya ya kondoo, kwa kuwa kanyagio huiba joto kutoka chini.

La nne ni kuzuia maji, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Kiatu kisichopitisha maji hakifai kitu ikiwa suruali inayamimina ndani kwa juu. Suruali ya mvua lazima ishuke nje ya kiatu, isitiwe ndani, kama vile bati la paa lipitavyo ukuta ili maji yadondoke nje. Wengi huvaa pia vifuniko vya mpira mwepesi juu ya viatu vyao vya kazini, wakifika huvivua na kuvitundika. Madigadi ya mbele iwe ndefu, na mwisho wake ufungwe kipande cha mpira kinachoning'inia karibu na ardhi. Mkwe wangu alikifunga changu kwa kipande cha mpira wa gurudumu kuukuu. Kazi ya dakika tano, nami nilitamani angeifanya Ijumaa ile.

Asiye na vifuniko hutumia mfuko wa plastiki wa mkate, akauvaa juu ya soksi, ndani ya kiatu. Sisi Kenya mifuko ya plastiki ya kubebea tuliipiga marufuku mwaka 2017, na hilo ni jema, lakini huko nilimwona mhandisi mwenye mshahara mkubwa akitoa mifuko miwili ya mkate viatuni bila haya. Kasoro yake ni jasho. Ukiuvaa muda mrefu mguu hulowa kwa maji yake wenyewe. Ni dawa ya safari fupi.

La tano ni mwili mwingine. Kifua na kichwa vikiwa na joto, mwili huiachia damu ishuke miguuni. Bibi jirani aliniambia kuwa vidole vikiuma, vaa kofia. Niliona ni mzaha, nikajaribu, nikaona ni kweli. Na ukiona ganzi inaanza, teremka, usukume baiskeli kwa miguu dakika mbili au tatu, vidole vikunjike na kunyooka.

La mwisho ni kurudi nyumbani. Usipeleke mguu wenye ganzi kwenye moto wala kwenye maji ya moto. Vua, kausha, vaa soksi kavu, ngoja. Mwenye sukari asiyaamini maji kwa mguu wake, ayapime kwa kiwiko, au amwombe mwenziwe ayaguse. Na viatu navyo visiwekwe kwenye moto, ngozi itapasuka. Bibi huyo alinionesha kuvijaza karatasi za gazeti, zikaachwa saa moja au mbili, zikatolewa, zikatiwa nyingine mpaka asubuhi. Gazeti hunywa maji yote.

Somo la khufu

Jambo moja zaidi, na hili litawafurahisha waliopita vyuoni. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, sheikh wetu alitusomesha mlango wa kupangusa juu ya khufu, yaani viatu laini vya ngozi vinavyofunika unyayo na vifundo. Tulikariri masharti: zivaliwe baada ya tohara kamili, zisitiri mahali panapowajibika kuoshwa, ziweze kutembelewa, zizuie maji. Mkaazi hupangusa mchana mmoja na usiku wake, msafiri siku tatu pamoja na masiku yake. Tulikariri tukiwa tumekaa kwenye mkeka, jasho linatutiririka, madirisha wazi, na hapana hata mmoja wetu aliyewahi kuiona khufu. Mwenzetu mmoja alimuuliza sheikh, "Haya ya nani?" Sheikh akamjibu, "Soma. Huenda yakawa yako."

Miaka zaidi ya arobaini baadaye, katika ukumbi wa kutilia udhu wa msikiti wa Ulu, nilimwona mzee wa Kituruki amevaa soksi nyeusi za ngozi nyororo, zenye zipu pembeni. Aliloanisha mikono yake, akapitisha vidole juu ya ngozi ile mara moja, akaingia kuswali, na nje viatu vyake vikubwa vilikuwa vikimngoja. Nilisimama nikamtazama kama mtoto aliyeona meli kwa mara ya kwanza. Wao huziita mest. Mkwe wangu alininunulia jozi katika duka moja la Lombok, na tangu siku hiyo nilikuwa nikitia udhu kamili asubuhi nyumbani, nikikausha miguu, nikivaa soksi nyembamba ya sufu, kisha khufu juu yake, kisha kiatu kipana. Maji hayakugusa tena vidole vyangu mpaka usiku, na ngozi ile ikawa ukuta wa ziada dhidi ya upepo.

Kwa wanaouliza: katika madhehebu yetu ya Shafi, soksi ya sufu peke yake inayopitisha maji haitoshi kwa kupangusa. Wako maulamaa wa madhehebu mengine, kama Hanbali, wanaoruhusu soksi nzito. Aliye ugenini na amuulize mwanachuoni wa karibu naye. Na mwenye sukari asilale nazo. Muda wa sharia ukimpa ruhusa mpaka kesho, afya yake inamtaka azivue kila usiku autazame unyayo wake.

Karatasi za gazeti

Baada ya siku kumi nilipanda tena baiskeli, pole pole, nimevaa kofia, sufu, khufu na suruali ya mvua. Nilionekana kama nahodha aliyepotea bandari. Miguu ilibaki kavu.

Lakini kazi yangu kubwa katika siku zilizobaki ilikuwa ya jioni. Binti yangu hurudi saa kumi na moja u nusu, giza limekwisha ingia. Alikuwa akiviacha viatu vyake mlangoni, vimelowa, akaenda moja kwa moja jikoni. Basi nilikuwa naketi pale ukumbini na magazeti ya zamani ya bibi jirani. Nilivifuta matope, nikavitoa soli za ndani, nikakunja karatasi moja moja na kuishindilia mpaka vidoleni. Kabla ya kulala nilizitoa nikatia nyingine. Asubuhi alivikuta vikavu. Siku za kwanza alinikataza, "Baba, uache, si kazi yako hiyo." Nikamjibu kuwa nilikuwa nikivipaka rangi viatu vyake vya shule, na hakuna aliyenitangazia kuwa nimestaafu.

Usiku wa mwisho alikuja akaketi kando yangu, akachukua kiatu kimoja, akaanza kukijaza. Tulifanya kazi kimya. Kisha akasema, "Unakumbuka ile baiskeli?" Nikasema, nakumbuka. Akasema, "Nilijifunza kwa siri. Baiskeli ya mwana wa shangazi, nyuma ya nyumba yao." Nilimuuliza kama alianguka. Akasema alianguka sana, na mama alikuwa akimpaka dawa magotini. Kumbe nyumba nzima ilijua, isipokuwa mimi. Nilimwambia, "Mwanangu, nilikosea." Aliendelea kushindilia karatasi, akasema, "Na mimi ningependa nijue ukiugua." Tukaahidiana. Sasa kila Ijumaa humtumia kipimo changu cha sukari, naye hunijibu kwa picha ya viatu vya mwanawe.

Nimerudi Mombasa nikiwa na mambo matatu ya kuwaachia. Kwanza, wenye jamaa katika nchi za baridi, msiwatumie soksi za pamba. Wiki iliyopita nilikwenda Kongowea, katika mitumba, nikakuta soksi za sufu nzito, safi, zimetupwa chini ya meza, muuzaji akaniuliza, "Sheikh, za nini hizi na joto hili?" Nilinunua jozi sita. Zinarudi zilikotoka. Mke wangu nilimweleza ukweli wa soksi zake nyeupe. Alinyamaza kidogo, akasema basi zitakuwa zako za hapa, na ndizo nilizovaa ninapoandika.

Pili, mwenye sukari miongoni mwenu, baba, mama au bibi, kila usiku atazame miguu yake juu na chini na baina ya vidole. Asiyeweza kuinama atumie kioo, au mjukuu. Wangu alikuwa na miaka mitatu na aliona kilichonipita.

Tatu, wenye maradhi wasiwafiche watoto wao. Mtoto wako ana haki ya kukukausha miguu.

Wabillahi tawfiq.